Dumu Moja la Maji: Usanifu wa Beseni la Kukunjwa kwa Mabafu Madogo ya Mwanza

Jiji la Mwanza, lililoanza mwaka 1892 kama kituo cha utawala wa Wajerumani kwenye ufuko wa kusini wa Ziwa Victoria, limekua kwa kupanda milima, na kwa kuwa milima hiyo imejaa majabali ya granaiti yasiyovunjika kwa urahisi, nyumba nyingi za Mabatini, Igogo na mitaa inayopakana nayo zimejengwa pale tu jabali liliporuhusu, zikiwa na vyumba vidogo, ua mwembamba, na mara nyingi bafu moja linalotumiwa kwa zamu na wapangaji wa kaya kadhaa. Katika bafu la namna hiyo, ambalo mtu akinyoosha mikono hugusa kuta zote mbili, hakuna nafasi ya kujenga hodhi, yaani chombo kikubwa cha kudumu ambamo mwogaji huketi au hulala. Hata nafasi ingekuwapo, hodhi la mtu mzima humeza lita 150 na zaidi kwa mara moja, ambazo ni madumu saba na nusu ya lita 20, na atakayeyapandisha madumu hayo mlimani kwa kichwa hatachelewa kurudi kwenye ndoo na kopo.

Mtu mzima hapungukiwi chochote kwa kuoga kwa ndoo na kopo, na huenda ndiyo njia ya kuoga yenye uangalifu mkubwa zaidi wa maji iliyowahi kubuniwa. Anayepungukiwa ni mtoto. Mtoto mchanga huogeshwa katika beseni la plastiki au karai, lakini akishajua kuketi na kurusha miguu, beseni la duara humbana magoti, naye bado hajaweza kusimama kwenye sakafu yenye utelezi na kumwagiwa maji bila kulia. Kwa kipindi hicho, ambacho huanza mtoto anapokaribia miezi sita na kuendelea hadi miaka mitatu au minne, familia huhitaji chombo kirefu chenye kina kifupi, kinachoweza kubebwa kutoka chumbani hadi bafuni, kutumika kwa robo saa, kisha kukunjwa na kutundikwa msumarini ili mpangaji mwingine apate zamu yake.

Wazo la kukunja chombo cha kuogea si geni katika ukanda huu. Katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, maofisa na wawindaji wa Kizungu waliosafiri Afrika Mashariki walikuwa na mabeseni ya turubai yaliyoshikiliwa na miti miwili miwili iliyopishana kama mkasi, nayo yalibebwa na wapagazi ambao mzigo wao wa kawaida ulikuwa na uzito wa karibu kilo 27 kwa kila mtu. Maji ya kuyajazia yalichotwa na kupashwa moto na watu haohao, kwa hiyo msanifu wa vyombo hivyo hakuwa na sababu ya kuhesabu lita. Siku hizi yapo mabeseni ya watoto yanayokunjwa, yanayouzwa duniani kote, na mojawapo linalofahamika ni Flexi Bath la kampuni ya Stokke ya Norway, ambalo kuta zake ngumu za polipropilini zimeunganishwa kwa mikunjo ya plastiki laini yenye mnyumbuko wa mpira. Ni kifaa kizuri, ila kimebuniwa kwa ajili ya nyumba ambayo maji ya moto na ya baridi hutoka ukutani. Msanifu anayeifikiria Mwanza hana budi kuanza upande wa pili, yaani kuanzia kwenye dumu moja la lita 20, na kuuacha ujazo huo uamue urefu, upana na kina cha kila kitu kinachofuata.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kitako cha beseni, yaani sehemu inayolala sakafuni, kikiwa na urefu wa sentimita 60 na upana wa sentimita 38, kitakuwa na eneo la sentimita za mraba 2,280, na lita 20 zikimwagwa humo zitasimama kwa kina cha karibu sentimita 9. Mtoto wa kilo 10 akiketi, mapaja na nyonga zake husukuma maji yapatayo lita nne, na kina hupanda hadi kati ya sentimita 10 na 11, kiasi cha kufunika miguu na kufika usawa wa kitovu. Kina hicho chatosha kuogeshea, na hakuna sababu ya kukizidisha, kwa kuwa mtoto mdogo anaweza kuzama hata katika sentimita 5 za maji, na hakuna komeo, kiti wala mkanda unaoweza kuchukua nafasi ya mkono wa mtu mzima aliye karibu. Ukuta wa sentimita 20 huacha nusu yake ikiwa kavu, nafasi ya kuzuia mawimbi ya mtoto anayepiga maji kwa viganja.

Nguvu ambayo maji hutumia kusukuma ukuta ndiyo jambo linalowashangaza wengi wanaobuni chombo kama hiki kwa mara ya kwanza, kwa sababu haiongezeki sawasawa na kina, bali huongezeka kwa mraba wake: kina kikiwa maradufu, nguvu huwa mara nne. Kwa ukuta wenye urefu wa sentimita 60, maji ya kina cha sentimita 10 husukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo tatu tu, lakini maji yakijazwa hadi ukingoni, kwenye sentimita 20, nguvu hiyo hufikia uzito wa karibu kilo 12. Hivyo beseni linaloanzia kwenye dumu moja lina faida ya pili, nayo ni kwamba kuta zake zinaweza kuwa nyepesi. Mzigo mkubwa zaidi kwake ni mtoto mwenyewe, anayeweza kuegemea ukingo kwa uzito wake wote ili aone sabuni imeangukia wapi, na ukuta husanifiwa kwa ajili yake.

Yapo maumbo mengi ya kukunja, lakini lenye uhusiano wa karibu zaidi na ufundi uliopo mjini, ambako mafundi wa maturubai hushona na kuunganisha vifuniko vya malori na mahema ya shughuli, ni lile linalotumia kipande kimoja kizima kisichokatwa. Fundi huchukua kipande cha sentimita 100 kwa 78, huchora katikati yake mstatili wa 60 kwa 38 ambao ndio kitako, kisha huinua pande zote nne kwa sentimita 20. Kila pembe itabaki na mraba wa sentimita 20 kwa 20 ambao, badala ya kukatwa, hukunjwa kwa mshazari kuanzia pembe ya kitako hadi ncha ya nje, ukawa pembetatu yenye tabaka mbili inayolazwa nje dhidi ya ukuta mfupi na kufungwa kwa kishikizo karibu na ukingo. Kwa njia hiyo beseni zima halina mshono wala kiungio chini ya usawa wa maji, na chombo kisicho na mshono hakina mahali pa kuvujia. Mtu yeyote anaweza kuthibitisha jambo hilo kwa karatasi ya manila ya sentimita 20 kwa 15.6, ambayo ni moja ya tano ya vipimo hivyo, kabla ya kununua hata sentimita moja ya turubai.

Umbo hilo lina kasoro moja ambayo haifai kufichwa. Kwa kuwa uso wa ndani wa pembetatu unaelekea maji, unyevu hupenya kati ya tabaka zake mbili na kukaa humo, na beseni likikunjwa kabla ya kukauka, ukungu mweusi utaota katika mikunjo ndani ya siku chache. Mafundi wengi wangependa kuziba tabaka hizo kwa joto ili zisiachane, lakini dawa hiyo hudhuru zaidi ya ugonjwa, kwa sababu beseni lililozibwa pembe haliwezi tena kufunguka likawa bapa. Pembe zikiachwa huru, vishikizo vinne vikifunguliwa, chombo chote hurudi kuwa kipande cha turubai kinachoanikwa kwenye kamba pamoja na kanga na kukauka pande zote kwa jua la saa moja.

Ili kuta zisimame, kila ukuta hupewa kibao chepesi cha plastiki yenye vijitundu ndani, aina ileile inayotumiwa kutengenezea mabango, nacho huchomekwa katika mfuko uliounganishwa upande wa nje. Kuzunguka kuta zote, sentimita chache chini ya ukingo, hupitishwa mkanda wa begi wenye bizimu, ambao huzibana pembetatu za pembeni zisifunguke hata kishikizo kimoja kikichomoka. Kanuni ya kuwa na vizuizi viwili vinavyojitegemea ndiyo inayofuatwa katika vitanda na vigari vya watoto vinavyokunjwa, na mtengenezaji anayeona kimoja kinatosha anaweka akiba isiyo na thamani. Wakati wa kukunja, kuta fupi hulazwa kwanza juu ya kitako, kisha kuta ndefu hufuata, zikipishana kwa sentimita mbili katikati, na mzigo wote huwa na unene unaokaribia ule wa mkoba wa shule. Palipo na bawaba za plastiki ngumu badala ya turubai, msanifu huepuka nafasi zenye upana wa kati ya milimita 5 na 12, kwa kuwa hizo ndizo zinazopokea kidole cha mtoto na kukibana chombo kinapojifunga.

Kuhusu tundu la kutolea maji, uamuzi bora ni kutoliweka. Kila tundu huhitaji kizibo, kila kizibo hupotea, na tundu ndilo jeraha pekee katika kipande ambacho kilikuwa kizima. Mtoto akishatolewa, sehemu ya maji huchotwa kwa kopo na kuhifadhiwa katika ndoo kwa ajili ya kumwagia choo, kisha bizimu na vishikizo vya ukuta mfupi mmoja hufunguliwa, ukuta huo hulazwa, na yaliyobaki huelekea yenyewe kwenye tundu la bafu. Sakafu nyingi za mabafu zimeinamishwa kuelekea tundu hilo kwa takriban sentimita mbili kwa kila mita, hivyo katika beseni la sentimita 60 maji yatakuwa na kina kikubwa zaidi upande mmoja kwa zaidi ya sentimita moja, na upande huo ndio unaopaswa kuwa wa miguu.

Kuchagua turubai ni jambo la afya kabla ya kuwa jambo la bei. Maturubai ya malori hutengenezwa kwa kitambaa kilichopakwa PVC, plastiki ambayo kwa asili yake ni ngumu na hulainishwa kwa kuongezwa kemikali, baadhi yake zikiwa za jamii ya thaleti, ambazo huweza kutoka polepole na kuvuruga mfumo wa homoni. Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha asilimia 0.1 kwa tatu kati ya kemikali hizo katika vitu vya kuchezea na vifaa vya kulelea watoto. Mtoto anayeota meno hutafuna kila ukingo unaofika kinywani mwake, kwa hiyo turubai la lori, pamoja na uimara wake wote, halifai upande wa ndani. Kitambaa kilichopakwa polithini au polipropilini, ambazo hazihitaji vilainishi hivyo, ni chaguo la busara zaidi, ingawa huungana kwa joto tu na si kwa gundi ya kawaida ya fundi.

Joto la maji nalo lina hesabu yake ya Mwanza. Jiji liko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,130 kutoka usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi joto 96 hivi badala ya 100. Lita nne za maji yaliyochemka zikichanganywa na lita 16 za maji yenye nyuzi joto 23 hutoa lita 20 zenye nyuzi joto kati ya 37 na 38, joto la mwili wa mtoto. Birika moja kubwa, basi, latosha, mradi maji ya baridi yatangulie na ya moto yafuate, yakorogwe kwa mkono na kupimwa kwa kiwiko, naye mtoto awe bado mikononi mwa mtu mwingine. Utaratibu huo si wa adabu tu. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, na maji ya nyuzi joto 60 huiunguza vibaya katika sekunde chache.

Hata hivyo, joto hilo la kupendeza halimlindi mtoto dhidi ya hatari nyingine kubwa ya kandokando ya ziwa, nayo ni kichocho. Tanzania hutajwa kuwa nchi ya pili kwa wingi wa wagonjwa wa kichocho barani Afrika baada ya Nigeria, na aina inayotawala ufuko wa Ziwa Victoria ni kichocho cha tumbo, kinachosababishwa na minyoo ambayo hupitia sehemu ya maisha yake ndani ya konokono wa majini. Konokono hao hutoa ndani ya maji viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, viitwavyo serkaria, ambavyo hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha kwa muda wa dakika chache. Tawi la Mwanza la Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu limeutafiti ugonjwa huu kwa miongo mingi, na mojawapo ya mambo yaliyodhihirika katika ukanda wa maziwa ni kwamba hata mtoto asiyejua kutembea, ambaye hajawahi kukanyaga ziwani, anaweza kuambukizwa nyumbani, ndani ya beseni, kwa maji yaliyochotwa ziwani asubuhi ileile.

Hapa ndipo mchanganyiko wa birika na dumu unapodanganya. Serkaria hufa maji yakifikishwa nyuzi joto 50 na kubaki hapo kwa dakika tano, kwa hiyo waliomo katika zile lita nne zilizochemshwa wamekwisha, lakini waliomo katika lita 16 za baridi hawafikiwi na joto la kuwaua, kwa kuwa mchanganyiko hauvuki nyuzi 38. Kinga rahisi ni muda. Serkaria hawana uwezo wa kula, huishi kwa akiba waliyozaliwa nayo, na maji yakikaa saa 48 katika chombo kilichofunikwa kisicho na konokono hupoteza uwezo wa kuambukiza. Kaya ya visiwa vya Ukerewe na Kome, au ya mwalo wowote, inayotegemea maji ya ziwa inahitaji basi madumu matatu yanayopokezana, moja la leo, moja la kesho na moja linalojazwa, na muuzaji wa beseni la kukunjwa katika maeneo hayo angefanya vema kuchapisha maelezo hayo kwenye ukuta wa beseni lenyewe, kwa picha. Beseni lisiloandamana na madumu hayo litakuwa limehamisha ziwa kulipeleka bafuni.

Kwa muda mrefu watoto wa umri wa kuogeshwa katika beseni waliachwa nje ya kampeni za kugawa prazikwanteli, dawa ya kichocho inayotolewa shuleni, kwa sababu vidonge vyake vikubwa na vichungu havikuwafaa. Toleo linaloyeyuka katika maji, lililokusudiwa watoto wa miezi mitatu hadi miaka sita, lilijaribiwa Côte d'Ivoire na Homa Bay nchini Kenya, upande wa pili wa ziwa hilihili, na mwezi Desemba 2023 mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya ilitoa maoni ya kuliunga mkono.

Kwa mtoto asiyeweza kuketi, ama kwa uchanga wake ama kwa kuwa ana mtindio wa ubongo, yaani hitilafu ya kudhibiti misuli itokanayo na athari katika ubongo unaokua, beseni hilihili laweza kutandikwa kitambaa cha kuegemea kinachofungwa ukingoni na kushuka kwa mteremko hadi kwenye miguu. Wazo la kwanza la mtu wa Mwanza litakuwa ni kutumia nyavu, kwa kuwa nyavu zipo kila mahali, hazinyonyi maji na hukauka upesi, lakini matundu ya nyavu hunasa vidole vya miguu, na pamba nyepesi iliyoshonwa mara mbili ni salama zaidi. Mzazi wa mtoto mkubwa mwenye ulemavu ndiye pengine atakayenufaika kuliko wote, kwani hupumzisha mkono mmoja ambao siku zote umekuwa ukishikilia shingo.

Maji machafu yana safari yake. Katika baadhi ya mitaa ya milimani, Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Mwanza imelaza mtandao wa majitaka uliorahisishwa, ambao ni mabomba membamba yanayopita kati ya nyumba ambako barabara haiwezi kufika, na bafu lililounganishwa nao halina tatizo. Kwingineko, maji ya sabuni humwagwa mferejini, huteremka hadi Mto Mirongo unaokatiza katikati ya jiji, na kuishia ziwani yakiwa na virutubisho vinavyolisha gugu maji. Lita 20 za kila jioni hazitaliua ziwa, ila zikitumiwa kumwagia choo zinafanya kazi mara mbili.

Utengenezaji hauhitaji kiwanda kikubwa. Rola la kitambaa lenye upana wa mita 2 hutoa vipande viwili kwa kila sentimita 78 za urefu bila kubakiza kitu, na mashine za kushonea mabegi zinatosha kwa mikanda na mifuko ya nje, mradi sindano isitoboe ukuta chini ya usawa wa maji. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi mkoani Mwanza kwa ajili ya wajasiriamali wa aina hii, viwango ni kazi ya Shirika la Viwango Tanzania, na mwenye umbo jipya anaweza kuulizia ulinzi wake kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA. Kabla ya hapo, sampuli ya kwanza hujazwa hadi ukingoni na kuachwa usiku kucha juu ya karatasi kavu, huegemezwa mfuko wa mchanga wa kilo 15 kwenye kila ukuta kwa zamu, kisha hukunjwa na kukunjuliwa mara 1,100, ambayo ni sawa na mara moja kwa siku kwa miaka mitatu, huku mikunjo ya pembe ikichunguzwa kama imeanza kuwa myeupe, dalili ya kwanza ya plastiki inayochoka.

Wateja watauliza, kwa haki kabisa, kama lipo kubwa zaidi la watoto wawili. Kitako cha sentimita 80 kwa 48 kingewatosha kwa nafasi, lakini dumu moja likimwagwa humo halivuki kina cha sentimita 5 na nusu, na kukipata kina cha beseni dogo kungehitaji karibu lita 34, yaani safari ya pili bombani. Mtoto aliyekwisha kulizidi beseni dogo amefikia umri wa kusimama juu ya sakafu na kushika kopo mwenyewe, na beseni humwendea mdogo wake.